Tuuze kiwanja cha Chanika ili Baba apandikizwe seli za ubongo?

Shikamoo Daktari,

Ninaishi Tabata pamoja na wazazi wangu, na ninakuandikia baada ya kikao cha familia kilichokwisha usiku wa manane bila mwafaka. Baba yangu ana umri wa miaka 64. Alikuwa karani bandarini hadi alipostaafu, na mwandiko wake ulisifiwa na kila aliyepokea hati kutoka mezani kwake. Miaka saba iliyopita tuliuona mwandiko ule ukisinyaa, herufi zikawa ndogo kama za mtu anayebania karatasi, kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka kila anapoketi bila kazi. Hospitali walisema ni ugonjwa wa Parkinson, wakamwanzishia vidonge vya levodopa pamoja na kabidopa, na kwa miaka mingi aliendelea vizuri, akienda msikitini alfajiri peke yake na kurudi na maandazi ya chai.

Tangu Ramadhani iliyopita mambo yamebadilika. Hatua zake zimekuwa fupi, akitaka kugeuka hukwama kama aliyenasa kwenye tope, ameanguka mara tatu, na uso wake umekuwa mkavu hata wajukuu wanadhani amewakasirikia. Kidonge cha saa moja asubuhi, ambacho zamani kilimfikisha adhuhuri, sasa kinaishiwa nguvu saa nne. Vidonge hivyo vilikuwa vikimletea kichefuchefu, kwa hiyo tunampa pamoja na chakula, wali na maharage au samaki, na tangu mwezi huohuo wifi yangu humnunulia metoklopramidi katika duka la dawa hapa mtaani, ambayo humeza mara tatu kwa siku. Kutapika angalau kumekoma.

Sasa kaka yetu mkubwa amepata kwa WhatsApp tangazo la kliniki ya nje ya nchi inayodai kuponya Parkinson kwa kupandikiza seli shina za ubongo. Mgonjwa huchomwa sindano tatu kwenye mshipa wa mkono kwa muda wa wiki mbili. Kwa hesabu ya kaka, pamoja na nauli na malazi, zinahitajika shilingi milioni 70, na njia pekee ya kuzipata ni kuuza kiwanja cha Chanika ambacho Baba alikinunua kwa kiinua mgongo chake. Wametutumia video ya mzee aliyeingia kwa kiti cha magurudumu akatoka akitembea. Mama yuko tayari kuuza hata nyumba. Baba mwenyewe anasita, kwa kuwa amesikia kwamba seli hizo hutolewa kwenye mimba zilizotoka, naye anasema hawezi kubeba kichwani kitu asichojua kimetoka kwa nani.

Nimesoma pia kwamba Wajapani wamefanikiwa katika jambo hili. Je, ni kweli? Nikipinga safari, kaka anasema ninamnyima Baba uponyaji kwa kuhofia urithi. Mnunuzi anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Binti wa Tabata

*

Marahaba, binti yangu, na poleni nyote.

Kabla ya kiwanja na kabla ya Japani, niruhusu nirudi kwenye jambo ulilolitaja kwa nusu sentensi, kwa sababu kwangu ndilo zito kuliko mengine yote katika barua yako. Metoklopramidi ni dawa nzuri kwa watu wengi wanaotapika, lakini haimfai mgonjwa wa Parkinson. Ugonjwa wa Baba yako unatokana na kufa kwa seli za neva zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha ubongo kuanzisha na kulainisha miondoko ya mwili, na levodopa anayomeza hugeuzwa kuwa dopamini ndani ya ubongo. Metoklopramidi huingia mlemle na kuziba vipokezi ambavyo dopamini ilipaswa kuvishika. Kwa maneno mengine, mkono mmoja wa familia unampa dopamini saa moja asubuhi, na mkono mwingine, kwa nia njema kabisa, unaifungia mlango. Dawa hiyo inaweza kumletea kutetemeka na ukakamavu hata mtu ambaye hana Parkinson, seuze yeye.

Sisemi kwamba nimepata sababu yote ya mabadiliko haya, kwani sijampima, na baada ya miaka saba ni kawaida kidonge kuanza kuwahi kuishiwa nguvu. Hata hivyo, kuzorota kulikoanza mwezi uleule dawa mpya ilipoanza hakupaswi kuitwa kukua kwa ugonjwa kabla dawa hiyo haijachunguzwa. Mpelekeni kwa daktari wake wiki hii, mkiwa na vidonge vyote katika mfuko mmoja, vya hospitali na vya dukani. Metoklopramidi isirudiwe kabla daktari hajaiona. Kwa kichefuchefu zipo dawa nyingine, kama domperidoni, ambayo haiingii sana kwenye ubongo, ingawa daktari atataka kwanza kujua hali ya moyo wake. Levodopa, kwa upande wake, isikatishwe ghafla kwa sababu yoyote ile, maana kuikata ghafla kunaweza kuhatarisha maisha. Iwapo metoklopramidi ndiyo iliyomrudisha nyuma, nafuu huchukua wiki kadhaa na pengine miezi, kwa hiyo msikate tamaa siku ya tatu.

Sasa nije kwenye upandikizaji. Kaka yako hakuota jambo hili, na ningemkosea haki kama ningelicheka. Parkinson ni miongoni mwa maradhi ya ubongo yanayofaa zaidi kujaribiwa kwa njia hii, kwa kuwa hasara yake kubwa ya mwanzo iko mahali pamoja. Seli zinazokufa zimo katika eneo dogo jeusi la ubongo wa kati, na dopamini yao hupelekwa hasa katika eneo liitwalo putameni, ambako seli za kuipokea bado ni nzima. Ni kama mtaa ambao pampu ya kisima imeharibika huku mabomba na ndoo za watu zikiwa salama: ukileta pampu nyingine, maji yanaweza kurudi. Mantiki hiyohiyo ndiyo inayoyaweka kando baadhi ya maradhi yanayofanana na Parkinson. Yapo ambayo seli zinazopokea nazo hufa, yaani ndoo zimetoboka, na yapo yanayosababishwa na kuziba kwa mishipa midogo ya damu katika ubongo. Huko pampu mpya haitarajiwi kusaidia. Kutetemeka kunakoletwa na dawa hakuhitaji pampu wala kisima, kunahitaji dawa iachwe. Kliniki isiyouliza mgonjwa ana aina gani ya maradhi haya kabla ya kutaja bei imeshajieleza.

Safari yenyewe ni ndefu. Mwaka 1979 watafiti wa Sweden na Marekani walionyesha kwamba seli changa za dopamini zilizopandikizwa katika ubongo wa panya zinaweza kuishi na kumrekebishia mwendo. Mwaka 1982, mjini Stockholm, madaktari walimjaribu binadamu kwa mara ya kwanza, wakitumia tishu ya tezi iliyo juu ya figo yake mwenyewe, na matokeo hayakuwa makubwa. Kisha mwaka 1987 taarifa ikatoka Mexico kwamba wagonjwa wawili waliofanyiwa upasuaji wa namna hiyo wamepata nafuu ya kushangaza. Habari hiyo ilienea kama moto wa nyikani, na mamia ya wagonjwa katika nchi mbalimbali wakapasuliwa katika miaka michache iliyofuata. Nafuu haikudumu, wengine walipata madhara makubwa, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 njia hiyo ilikuwa inaachwa. Ninaomba umsomee kaka yako sehemu hii polepole, kwa kuwa wale walikuwa madaktari bingwa katika hospitali za kweli, na bado waliongozwa na wagonjwa wawili. Ninyi mnaongozwa na video ya mmoja.

Mwaka huohuo wa 1987, mjini Lund, Sweden, ilianza njia nyingine, ambayo ndiyo Baba aliyoisikia: tishu changa ya ubongo kutoka kwenye vijusi vya mimba zilizotolewa, ambapo mgonjwa mmoja alihitaji tishu ya vijusi kadhaa. Baadhi ya wagonjwa wa Lund walinufaika kwa miaka mingi, wachache wakaweza kuacha levodopa, na mgonjwa mmoja alipofariki seli alizopandikizwa zilikutwa bado hai baada ya miaka 24. Kwa hiyo swali la kama seli zinaweza kuota na kudumu katika ubongo wa mtu limekwisha kujibiwa. Lililobaki ni kama mgonjwa ananufaika kweli, na kwa gharama gani.

Hapo ndipo jaribio la Denver, Marekani, lililotangazwa mwaka 2001, linapostahili kutazamwa kwa makini. Wagonjwa walikuwa 40. Nusu yao walipandikizwa tishu, na nusu wakatobolewa fuvu tu bila kuwekewa chochote, bila wao kujua nani yuko kundi lipi. Baada ya mwaka mmoja wagonjwa wenyewe walipoulizwa wanajionaje, makundi hayo mawili hayakutofautiana. Walio na umri wa miaka 60 au pungufu walionyesha nafuu ya mwendo walipopimwa na madaktari, wakubwa zaidi hawakuionyesha, na baadaye takriban asilimia 15 ya waliopandikizwa walipatwa na miondoko isiyo ya hiari, miili ikijinyonganyonga hata dawa ilipopunguzwa. Watafiti wengine walipofuatilia sehemu ya wagonjwa hao, waligundua jambo ambalo huwa silisahau kila ninapotumiwa video za uponyaji: ubora wa maisha ulifuata kile mgonjwa alichoamini. Aliyedhani amepandikizwa alijiona bora, hata kama alitobolewa tu. Katika ugonjwa huu tumaini lenyewe huufanya ubongo utoe dopamini kidogo. Limepimwa kwa picha za ubongo. Mzee wa kwenye video huenda hadanganyi hata kidogo, na huenda pia alikuwa amemeza levodopa nusu saa kabla ya kamera kuwashwa. Mgonjwa yuleyule, asubuhi moja ileile, anaweza kuwa mtu wa kiti na mtu wa kutembea kwa sababu ya kidonge peke yake, na wewe uliyeishi naye miaka saba unalijua hilo.

Jaribio la pili la Marekani, la mwaka 2003 na wagonjwa 34, halikuonyesha nafuu ya jumla, na zaidi ya nusu ya waliopandikizwa walipata miondoko hiyo isiyo ya hiari. Mwaka 2008 ikaonekana kwamba hata seli zilizopandikizwa, baada ya miaka kumi na zaidi, nyingine huanza kuonyesha alama za Parkinson.

Je, Wajapani wamefanikiwa? Wamepiga hatua, na hatua hiyo ni ya kweli. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha kwamba seli ya kawaida ya mwili inaweza kurudishwa utotoni, ikawa seli shina inayoweza kuongozwa kuwa seli ya aina nyingine, na mwaka 2012 alipewa Tuzo ya Nobel. Madaktari wa Kyoto walianza mwaka 2018 kuwapandikiza wagonjwa seli changa za dopamini zilizotengenezwa kwa njia hiyo kutokana na seli za mtu mzima mwenye afya aliyejitolea, na matokeo yakachapishwa Aprili 2025. Wagonjwa walikuwa saba, wenye umri wa miaka 50 hadi 69, wakafuatiliwa kwa miezi 24. Hakukuwa na madhara makubwa wala uvimbe wa saratani, na kati ya sita waliopimwa mwendo wao, wanne walipata nafuu walipopimwa bila dawa. Wakati huohuo Marekani na Kanada walitangaza matokeo ya wagonjwa 12 waliofuatiliwa kwa miezi 18, wakitumia seli zilizotokana na kiinitete, yaani mimba ya siku chache za mwanzo, nayo yalikuwa ya kutia moyo, hasa kwa waliopewa kiasi kikubwa. Hata hivyo, majaribio yote mawili yalikusudiwa kwanza kupima usalama, na hayakuwa na kundi la kulinganisha kama lile la Denver. Ndiyo maana jaribio kubwa zaidi, lenye upasuaji wa kuigiza kwa baadhi ya wagonjwa, lilianzishwa Marekani mwaka 2025.

Mwambie Baba, basi, kwamba wasiwasi wake una msingi na kwamba si wa kizamani. Chanzo cha seli hutofautiana: zipo za vijusi, zipo za viinitete, na zipo hizi za Kyoto zinazotoka kwa mtu mzima aliyeridhia, ambazo huenda yeye na imamu wake wakaziona kwa jicho tofauti. Ana haki ya kuuliza na kujibiwa kwa maandishi. Kwa tangazo mlilotumiwa, nina hakika kwamba hakuna mahali palipoandikwa seli zimetoka kwa nani.

Tofauti iliyo wazi kuliko zote kati ya Kyoto na kliniki ya kaka yako ni sindano. Wagonjwa wote niliowataja waliopandikizwa seli, kuanzia Lund hadi Kyoto, walitobolewa fuvu kwa vipimo vya milimita, na seli zikashushwa kwa mrija mwembamba hadi ndani kabisa ya ubongo, kisha ikasubiriwa miezi mingi zikomae. Seli inayochomwa kwenye mshipa wa mkono husafiri na damu, nyingi hunaswa kwenye mapafu, na zinazopita hukutana na ukuta unaotenga damu na ubongo. Wiki mbili za sindano mkononi si njia ya mkato kwenda mahali pale pale; ni barabara inayokwenda kwingine. Nazo seli zisizodhibitiwa si maji matupu. Mwaka 2009 iliripotiwa habari ya mvulana wa Israel aliyekuwa na ugonjwa mwingine wa neva, akapelekwa Moscow mara kadhaa kuwekewa seli za neva za vijusi, na miaka minne baada ya tiba ya kwanza akakutwa na uvimbe katika ubongo na uti wa mgongo, uliotokana na seli za waliomchangia.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo hayalisemi. Anayepewa seli za mtu mwingine kwa kawaida hutumia dawa za kushusha kinga ya mwili kwa muda mrefu, mwaka mzima au zaidi katika majaribio haya mapya. Katika jiji letu, ambako kifua kikuu bado kipo na wengi wetu tunacho kimelala mwilini bila kujua, mzee aliyeshushwa kinga anahitaji uchunguzi wa karibu. Nani atamfuatilia Tabata baada ya ndege kutua?

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, msiuze kiwanja. Kama kaka yako bado ana shaka, na aiandikie kliniki hiyo maswali manne: jaribio lenu limesajiliwa wapi na kwa namba gani, seli ni za aina gani na zinawekwa sehemu gani ya ubongo, kamati ipi ya maadili imeliidhinisha, na kwa nini mgonjwa analipia. La mwisho ndilo litakalowakwamisha, maana katika majaribio ya heshima mgonjwa hatozwi kwa kupewa tiba ambayo bado inajaribiwa. Na wakimwambia watakuja kuwatibu hapahapa Dar es Salaam, aulize kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Kuhusu lawama ya urithi, usiijibu kwenye kikao. Mwalike kaka yako aende nawe kwa daktari, asikie mwenyewe habari ya metoklopramidi. Ni vigumu kumshuku mtu aliyeketi nawe kwenye benchi la kliniki tangu saa kumi na mbili asubuhi. Msimlaumu na wifi yako, kwani dawa hiyo huuzwa kila mtaa na hakuna aliyemwambia.

Sehemu ndogo tu ya fedha hizo inaweza kufanya mengi. Levodopa pamoja na kabidopa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na bado wengi hawaipati: watafiti walipopita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwenye watu wapatao 161,000, waliwakuta 33 wenye Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Baba yako ameshavuka mto huo. Linalobaki ni kuitumia dawa ipasavyo. Protini ya maharage na samaki hugombania njia moja na levodopa, kwa hiyo kidonge kimezwe nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula, na kama tumbo linasumbua, kipande cha muhogo au biskuti kavu kinatosha. Muulizeni daktari kama dozi zigawanywe ziwe ndogo na za karibu zaidi. Nunueni akiba ya mwezi mzima mbele ili asikose hata siku moja. Ombeni rufaa kwa daktari bingwa wa neva Muhimbili, na mazoezi ya tiba kwa ajili ya kule kukwama na kuanguka. Wakati huo, fundi afunge vyuma vya kushikia bafuni. Na akitokea jirani na unga wa mbegu za upupu, asidhaniwe mchawi, kwa kuwa mbegu hizo kweli zina levodopa. Ila hakuna ajuaye kijiko kimoja kina kiasi gani, kwa hiyo usiongezwe juu ya vidonge.

Jambo la mwisho ni la Baba mwenyewe. Mnunulieni daftari la mistari. Kila siku aandike mstari mmoja saa moja baada ya kidonge, na mwingine kabla ya kidonge kinachofuata, akiweka saa pembeni kama alivyokuwa akifanya bandarini. Daktari akiziona herufi zinavyopanuka na kusinyaa atajua pa kurekebisha dozi. Mnunuzi mwambieni hakiuzwi, kisha niandikie daftari likifika nusu.